Kukamata, Kutwaa, Kushikwa: Neno Moja la Kiingereza na Visawe Vyake

Hivi karibuni nililetewa fomu ya matibabu nyumbani kwangu Makole, mjini Dodoma. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa amepewa aijaze kwa ajili ya mjukuu wake, naye alitaka nimsaidie kusoma. Ofisi iliyoitafsiri fomu ile sitaitaja. Swali la saba liliuliza kama mtoto "amewahi kupata ukamataji". Bibi yule akanitazama, akasema, "Mwalimu, mtoto wa miaka mitatu akamatwe na nani?"

Kosa lenyewe ni rahisi kulieleza. Asili yake ni neno la Kiingereza *seizure*, ambalo hutumika kwa mali iliyochukuliwa na polisi, kwa mji uliotekwa vitani, na kwa mwili uliopatwa na mtukutiko. Mfasiri alitazama kamusi, akachukua kisawe cha kwanza. Walakini lawama yote si yake. Kamusi zetu za Kiingereza kwa Kiswahili, tangu ile ya Kamati ya Lugha iliyotolewa mwaka 1939, zina desturi ya kupanga visawe kwa safu na kuvitenga kwa mkato tu: shika, kamata, nyakua, twaa, teka, pokonya, nyang'anya. Mkato ule humwambia msomaji ya kuwa maneno haya ni ndugu, naye aweza kuchagua lolote. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa sivyo.

Neno la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa cha kale, na mwanzoni lilikuwa neno la sheria ya ardhi: kumtia mtu katika milki halali ya shamba. Baadaye likageuka, likawa kuchukua, kisha kuchukua kwa nguvu, kisha likaingia katika maradhi. Katika safari hiyo yote halikulazimika kusema kama mwenye kuchukua ana haki au hana. Mambo hayo huachiwa maneno mengine ya sentensi. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kitenzi chenyewe aghalabu hubeba hukumu. Mwenye kusema "wamekamata mali yake" amekwisha kukubali, hata bila kukusudia, ya kuwa kuna mamlaka nyuma ya tendo. Mwenye kusema "wamemnyang'anya" amekwisha kulaani. Hakuna kitenzi cha katikati kisichoegemea upande wowote. Labda "chukua", lakini hilo ni pana mno hata halifai mahakamani.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 24, inayolinda haki ya kumiliki mali. Pale ambapo maandishi ya Kiingereza yana kitenzi baridi chenye maana ya kuondolewa kitu, maandishi ya Kiswahili yana "kunyang'anywa", na katika sentensi hiyo hiyo limo pia neno "kuitaifisha". Tuzingatie ya kuwa shina hilo hilo la nyang'anya ndilo tunalolitumia kwa jinai: unyang'anyi wa kutumia silaha. Je, mwandishi wa Kiswahili alikosea? Wako wanasheria watakaosema ndiyo, kwa kuwa sheria haipaswi kuiita serikali mnyang'anyi kabla haijatenda. Mimi naona vingine. Kuchukua mali bila sheria na bila fidia ndiko kunyang'anya, na maandishi ya Kiswahili yamesema waziwazi jambo ambalo ya Kiingereza yameliacha nusu. Hapa tafsiri imeshinda.

"Taifisha" nalo lafaa kutazamwa. Taifa ni neno lenye asili ya Kiarabu, nasi tumelitia kiambishi cha kusababisha, likawa kitenzi chenye kumtaja mpokeaji: mali hii sasa ni ya taifa. Mabenki yalipotaifishwa mwezi wa Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, neno hili lilibeba fahari. Mwaka 1971 serikali ilipochukua majumba yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, aliyekuwa akilipa kodi aliweza kusema yametaifishwa. Mwenye nyumba alikuwa na kitenzi chake kingine. Vivyo hivyo Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964: ardhi ile ile ilikuwa kwa mmoja "eka tatu" alizopewa, na kwa mwingine shamba alilonyang'anywa. Mwanahistoria asomaye vitenzi vya mashahidi wake atajua kila mmoja alisimama wapi kabla hajauliza.

Kati ya hivyo viwili limewekwa "twaa", ambalo ndilo la sheria ya utwaaji ardhi. Hapa Dodoma, tangu ulipotolewa uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu huku, hilo ni neno la kila siku. Ni neno la adabu, lenye mvuto wa lugha ya zamani, na adabu hiyo hunitia shaka kidogo: huficha nguvu kuliko "nyang'anya" inavyoifichua.

Jambo hili si la wasomi tu. Mtu anapoondolewa nyumbani kwake usiku na watu wasiojitambulisha, ndugu zake husema "ametekwa". Baadaye, kama yuko mikononi mwa dola, husikika "amekamatwa". Katika miaka ya karibuni ubishi wa vitenzi hivi viwili umejaa magazetini mwetu, nao ni ubishi juu ya sheria kabisa. Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu na kufikishwa mahakamani. Anayetekwa hana mtu wa kumdai haki hiyo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hapana budi kamusi zetu ziache mkato na kueleza tofauti hii kwa maneno.

Nirudi kwenye maradhi. Huko Kiswahili hugeuza kitenzi kikawa cha kutendwa: mtoto ameshikwa na degedege, mtu amepatwa na kifafa. Mfasiri asidhani kuwa majina haya mawili ni visawe. Degedege ni la watoto, na wengi wamelihusisha na dege, ndege mkubwa wa kishetani. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha ya kuwa wazazi wengi hawakuliunganisha na malaria, hivyo mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga. Kifafa, ambalo wengi husikia ndani yake kitenzi cha kufa, lina uzito mwingine. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge karibu na mwaka 1960, alieleza jinsi wagonjwa walivyotengwa kwa kuogopwa kuwa wanaambukiza. Kuandika "kifafa" kwenye fomu ya mtoto aliyetukutika mara moja kwa homa ni kumtia alama asiyostahili.

Basi nilikata swali la saba kwa kalamu, nikaandika: "Je, mtoto amewahi kushikwa na degedege, au kuanguka na kutukutika mwili?" Bibi akajibu mara moja: mara mbili, zote wakati wa masika, akiwa na homa.