Miguu Kabla ya Bunduki: Jinsi ya Kuipima Doom ya 1993

Mtu akiwashiwa Doom leo kwa mara ya kwanza, macho yake hukimbilia kuta. Picha ni ya pikseli 320 kwa 200, rangi zote ni 256, na ukizunguka zimwi lililoanguka limekufa unakuta ni picha bapa isiyo na unene, inayokuelekea popote unaposimama. Wengi hapo huwa wameshatoa hukumu kwamba gemu hii imepitwa. Upande wa pili wapo waliokua nayo, na hukumu yao hutoka haraka vilevile: gemu za siku hizi hazina ladha. Wa kwanza amepima rangi, wa pili amepima kumbukumbu zake, na gemu yenyewe bado haijaguswa. Tazama bao: lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna anayekaa barazani akauliza kama limechakaa. Ubao unaweza kupasuka, komwe zikapotea zikatafutwa nyingine, lakini swali la kila zamu, nianzie shimo lipi na nitakula nini, lina uzito uleule. Ndicho kipimo ninachokishikilia kwa gemu kongwe za kufyatua risasi ambamo unaona kwa macho ya mhusika: je, bado inakudai uamuzi kila dakika, na ukikosea bado unalipa? Najua mtu atasema gemu ya kompyuta ni tamasha pia, si hesabu tupu kama bao. Ni kweli, na ndiyo maana kipimo hiki kinafaa. Gemu iliyotegemea tamasha peke yake itazeeka pamoja na tamasha lake. Iliyotegemea uamuzi itabaki na kitu hata rangi zikififia.

Umri wenyewe hauamui lolote, na ushahidi upo ndani ya nyumba ileile. Kampuni ya id Software ilitoa Wolfenstein 3D Mei 1992, kisha Doom tarehe 10 Desemba 1993. Kati yao kuna mwaka mmoja na nusu tu, lakini ukizicheza leo moja baada ya nyingine utadhani zimepishana kizazi kizima. Watu hutaja kuta: katika Wolfenstein kuta zote zina kimo kimoja na hukutana kwa pembe mraba, wakati Doom ina ngazi, mabaraza, madirisha na vyumba vya giza. Hiyo ni kweli, ila tofauti kubwa iko kwenye risasi. Karibu maadui wote wa Wolfenstein hupiga risasi zinazofika papo hapo. Askari akikuona na bahati ikiwa yake, umeumia. Miguu yako haikuwa na la kufanya zaidi ya kukaa mbali au kujificha nyuma ya mlango. Katika Doom mazimwi mengi hutupa kitu kinachosafiri angani, kinachoonekana, na kinachokwepeka. Mpira wa moto wa Imp, mojawapo ya mazimwi hayo, huenda polepole kuliko mchezaji anayekimbia. Uamuzi huo mmoja ndio uliougeuza mchezo wa kulenga kuwa mchezo wa kusimama mahali panapofaa, na mimi naona ndio umeuweka hai hadi leo.

Tulitazame pambano moja kwa karibu. Una bunduki ya marisau, mbele yako kuna Imp watatu, na kati yenu amesimama Demon, yule mnene wa waridi anayeng'ata tu bila kurusha kitu. Kila mlio wa bunduki hutoa marisau 7, na kila moja huumiza kwa pointi 5, 10 au 15. Imp ana uhai wa pointi 60, Demon ana 150. Ukimpiga Imp kwa karibu, marisau yote yakampata, wastani ni 70, basi mara nyingi ataanguka kwa mlio mmoja. Ukimpiga kwa mbali marisau yanatawanyika na utahitaji milio miwili au mitatu, na kila mlio unafuatwa na takriban sekunde nzima ya kukoki ambayo ndani yake huna silaha. Kwa hiyo bunduki yenyewe inakuita usogee, huku mipira ya moto ikikufukuza urudi. Ukihama hatua mbili kushoto, Demon anaingia kwenye njia ya mpira wa Imp, unamgonga yeye, naye anaweza kukuacha na kwenda kumng'ata aliyemchoma. Marisau yamebaki mfukoni na umeshinda nusu ya vita kwa kusogea tu. Hakuna kitu hapo kinachohitaji picha nzuri. Kila kiumbe kina kiasi chake cha uhai, mwendo na namna yake ya kuudhi, na akili ya mchezo iko katika kuwapanga wagongane. Ndiyo maana nasema anayeipima Doom aitazame miguu kabla ya bunduki.

Vyumba navyo vipimwe kwa namna hiyohiyo: vinakupa la kuamua, au ni njia ya kupita tu? Hatua ya kwanza kabisa, aliyoichora John Romero wa id Software, ina jibu ndani ya sekunde chache. Unaanzia kwenye ukumbi ambao dirisha lake linaonyesha uwanja wa nje, na nje huko kuna deraya ya buluu usiyoweza kuifikia kutoka hapo. Hakuna maandishi yanayokueleza kitu. Umeona, umetamani, na kuanzia hapo unazikagua kuta kwa jicho la mtu anayejua kuna njia iliyofichwa. Sauti nayo inafanya kazi ya ramani. Mlio wa bunduki yako husafiri kutoka chumba hadi chumba na kuyaamsha mazimwi yaliyomo, na mlango uliofungwa huuzuia. Kwa hiyo kufyatua risasi ni kutangaza ulipo, na kufungua mlango ni kuamua nani asikie. Kisha yale yaliyoamka yanaguna na kukoroma gizani, kila aina kwa sauti yake, na sikio lililozoea linajua ni nani anakuja kabla hajaonekana. Gemu nyingi mpya zenye picha za kustaajabisha hazimpi mchezaji sababu ya kutega sikio kiasi hicho.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi zaidi ni kwamba katika Doom huwezi kuangalia juu wala chini, na bunduki humlenga yenyewe adui aliye juu ya baraza almradi umemwelekea. Kwa macho ya leo huo unaonekana kuwa upungufu wa mashine za zamani, na kwa sehemu ni upungufu wa mashine kweli. Lakini tazama kazi iliyobaki baada ya hapo: macho hayahangaiki na kwenda juu na chini, kwa hiyo akili yote huhamia kwenye nafasi, umbali na nani yuko nyuma yako. Kufungwa huko kwa macho kumeifungua miguu. Hapa ni vizuri kutenganisha mpini na jembe. Mpini ukioza hubadilishwa, jembe likabaki lilelile. Kucheza Doom leo kwa kipanya na vitufe vilivyopangwa kisasa ni kubadili mpini, hasa kwa kuwa kipanya kiliruhusiwa tangu 1993. GoldenEye 007 ya mwaka 1997, iliyopendwa mno kwenye Nintendo 64, ina taabu zaidi hapa. Maadui wake walipimwa kwa ajili ya kijiti kimoja kizito cha kulengea. Mpe mchezaji mpini mpya, askari wale wanakuwa wepesi mno. Mwachie wa zamani, mkono unateseka. Sidharau gemu ile, ila mpini na jembe lake viliungwa pamoja, na kimoja kimeoza.

Lakini anayeipenda kazi huutaja ubovu wake. Katika Doom asilia mazimwi hayana mwisho wa kimo: ukisimama juu ya baraza, zimwi lililo chini yake linakuzuia kupita kana kwamba mwili wake unafika mbinguni. Huo si ubunifu, ni kasoro, na inakera. Kutafuta ufunguo au swichi katika vyumba ulivyokwisha kuvisafisha ni muda mfu, na sehemu ya tatu, iitwayo Inferno, ina hatua zisizolingana kabisa na zile za kwanza kwa ufundi. Doom II ya 1994 ilileta bunduki ya midomo miwili, silaha tamu kuliko zote, lakini pia ikaleta adui mwenye bunduki ya risasi mfululizo zinazofika papo hapo, na kila anapotokea kwenye uwanja ulio wazi tunarudishwa Wolfenstein. Hatua yake ya mjini, Downtown, ni pana na inachosha. Mpimaji asiogope kusema hivyo. Zana nzuri yenye ufa inabaki nzuri, mradi ufa umeonyeshwa.

Linabaki dai la kwamba haya yote ni mapenzi ya watu wazima kwa utoto wao. Dai hilo lingekuwa na nguvu kama gemu ingechezwa tu. Lakini mwaka 1997 msimbo wake ulitolewa hadharani, na tangu hapo watu wameendelea kuitengenezea hatua mpya, wakiwemo waliozaliwa baada yake. Romero mwenyewe alirudi na SIGIL mwaka 2019, hatua mpya kwa kanuni zile za zamani, Imp walewale wenye pointi 60. Atakayesema hatua mpya si ushahidi wa gemu ya kale ana hoja kidogo, ila kinachokarabatiwa hapo ni vyumba. Kanuni haziguswi, na kanuni ndizo tulizokuwa tukizipima.

Basi anayetaka kupima mwenyewe apime hivi. Sehemu ya kwanza ilitolewa bure tangu mwanzo, na gemu nzima haifiki megabaiti 13, kwa hiyo kompyuta kuukuu isiyo na kadi ya picha inatosha. Chagua ugumu wa nne kati ya mitano, Ultra-Violence. Ugumu wa pili hukusamehe mno hata usione kanuni. Kama toleo lako linaruhusu kuangalia juu na chini, zima uwezo huo, acha kanuni kama zilivyokuwa. Kila hatua ianze na bastola peke yake na risasi chache, maana mtu aliyejaza silaha kutoka hatua iliyopita hapimi chumba, anakipitia. Ukifa, usiangalie ulikuwa umelenga wapi. Kumbuka ulikuwa umesimama wapi, rudi, ingia chumba kilekile, na safari hii mwache Imp arushe kwanza.