Kalamu Kando ya Kalamu

Huku Magwagwa, kwenye nchi ya Wagusii, hakuna mkahawa wa waandishi. Kuna mashamba ya chai yanayoteremka kuelekea mto Sondu, kuna migomba, makanisa, shule, na vijana wa bodaboda wanaoita abiria wa Ikonge. Mtu akionekana usiku amejiinamia daftari, jirani hudhani anapiga hesabu ya bonasi ya chai. Akiambiwa ni hadithi inayoandikwa, huuliza kwa upole itatoka lini na italipa ngapi. Swali lake ni la haki. Yeye huchuma majani asubuhi, na kilo zake hupimwa siku hiyo hiyo kituoni, mbele ya macho yake. Mwandishi hana kituo wala karani wa kumpimia. Anaweza kuhangaika mwezi mzima na asiwepo wa kujua kama alifanya kazi au alilala.

Kwa mtu wa namna hiyo kuna ufundi mmoja ambao haujapata wa kuusifu: kuandika pamoja na marafiki kupitia mtandao, kila mtu kazi yake, wote kwa wakati mmoja.

Mambo yenyewe ni mepesi kueleza. Saa tatu usiku, watoto wakishalala, simu inaegemezwa kwenye chupa ya chai. Mmoja yuko Magwagwa, mwingine Eldoret, mwingine Mombasa, na wa nne yuko Muscat, ambako ni saa nne tayari. Mnasalimiana, mnaulizana habari za nyumbani, kisha kila mmoja anataja atakachofanya. "Leo namzika babu," anasema wa Eldoret, na hakuna anayempa pole, kwa kuwa babu huyo amekuwa akiugua tangu sura ya pili. Maikrofoni zinazimwa. Ya Magwagwa huzimwa kwanza, maana mvua ikipiga mabati hakuna anayesikia kitu. Saa nzima kinachoonekana kwenye skrini ni vipaji vya nyuso na dari. Muda ukiisha, kila mmoja anatoa ripoti.

"Nimefuta mengi kuliko niliyoandika."

"Pole. Nayo ni kazi."

Asiyeandika atauliza: kama hamsomeani wala hamsahihishani, mnasaidiana nini? Jibu liko kwenye dakika ya ishirini. Kila mwandishi anaijua. Sentensi imegoma, na ghafla unakumbuka kwamba hukufunga banda la kuku na sufuria hazijaoshwa. Ukiwa peke yako unainuka, na ukiinuka hurudi. Ukiwa na wenzako unatupia jicho skrini, unaona kichwa cha yule wa Mombasa bado kimeinama, na unajua naye huenda sentensi yake imegoma vile vile. Unaketi. Baada ya muda sentensi inalegea. Mwenzako hajakupa hata neno moja. Amekuzuia kuinuka tu, na usiku ule hapakuwa na msaada mkubwa kuliko huo.

Wagusii wameijua hekima hii kwa jembe. Katika egesangio, majirani wachache walishikana kulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na palizi ambayo ingemkatisha mtu mmoja tamaa ikaisha watu wakiongea. Tofauti ni kwamba huko majembe yote huingia shamba moja. Sisi hatuwezi: riwaya yangu ukinilimia, si yangu tena. Kila mtu yuko kwenye shamba lake, ila tumeyapakanisha, ili mmoja akisimama kuegemea mpini amwone mwenzake anaendelea.

Fasihi ya Kiswahili ilikuwa na ushirika wa aina nyingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alirushiana mashairi na watunzi wa Lamu kama Zahidi Mngumi miji yao ilipohasimiana. Malumbano ya namna hiyo yalihamia baadaye kwenye kurasa za magazeti na redioni: huyu anatunga, yule anajibu, wa tatu anasuluhisha. Mtunzi alipata sababu ya kushika kalamu, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa kushindwa. Lakini malumbano hutaka shairi lililokwisha kukamilika. Hayamfai aliye katikati ya sura ambayo bado haijasimama. Huyo bado hana cha kujibiwa. Anataka wa kukaa naye. Nafasi hiyo imepatikana kwa wengi baada ya nyaya za intaneti za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, na simu zikaweza kubeba sura na sauti hadi vijijini.

Waandishi wa kizazi chetu wameonyesha umbali unaoweza kufikiwa kwa mtandao. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2002 kwa kazi iliyotoka kwanza kwenye jarida la mtandaoni, na mwaka uliofuata jarida la Kwani? likaanza Nairobi. Mwaka 2013, baada ya warsha jijini humo, waandishi vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika waliunda kikundi cha Jalada, wakawa wanasomana na kuhaririana kwa barua pepe, na Januari 2014 wakatoa mkusanyiko wao wa kwanza. Mwaka huo huo mmoja wao, Okwiri Oduor, akanyakua Tuzo ya Caine. Mwaka 2016 walichapisha hadithi aliyoiandika Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kikuyu, pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya 30. Watu waliotawanyika hivyo, kama wangengoja kwanza wakutane tena chumba kimoja, wangekuwa wanangoja hadi leo.

Ufundi huu una miiko yake. Usiombe kusoma ambacho mwenzako hajakutolea. Usiseme umeandika kama hukuandika. Wala usishindane kwa idadi. Mwaka 1999 watu 21 wa eneo la San Francisco walianzisha NaNoWriMo, desturi ya kuandika riwaya ya maneno 50,000 kwa mwezi mmoja, na kadiri miaka ilivyokwenda ikavuta watu dunia nzima. Idadi huwasukuma wengine, na heri yao. Lakini aliyekesha na ubeti mmoja wa tarbia, mishororo minne ya mizani 16, anaamka na mizani 64 tu, na huenda ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote usiku ule. Swali la mwisho wa saa lisiwe "maneno mangapi?" Liwe "ulikaa?"

Gharama zipo. Bando huisha, stima hupotea, na mvua ikizidi mtandao hukatika, skrini ikaganda wenzako wakiwa wamefumba macho nusu. Hapo ndipo ushirika unapopimwa. Aliyezoea husogeza taa akaendelea, kwa sababu anajua wa Eldoret na wa Muscat bado wameketi na saa haijaisha. Kukaa pamoja hakumpi mtu kipaji, wala hakuchukui nafasi ya mhariri mkali. Kunampa muda wa kutosha kitini hadi awe na kitu cha kumpelekea mhariri huyo.

Shirika lililosimamia NaNoWriMo lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga milango. Desturi yenyewe haihitaji shirika. Inataka watu wawili, simu mbili na saa waliyokubaliana. Kama una muswada uliolala kabatini, usingoje kikundi cha watu kumi wala warsha ya Nairobi. Mtafute mmoja anayeandika, awe Ikonge au ng'ambo, umwulize kama Jumanne saa tatu usiku ana nafasi. Mwambie mapema kwamba hutamsomea wala hutamsahihisha, mtakaa tu. Akikubali, mmeanza. Akichelewa, anza bila yeye; atakukuta umeketi.