Kuba Bapa ya Justinian

Zilzala imesingiziwa vya kutosha. Kila itajwapo kuba ya kwanza ya kanisa la Hagia Sophia, iliyoporomoka Mei 558, wasimulizi huyakimbilia matetemeko ya 553 na 557, kana kwamba Konstantinopoli haikuwa imepata kutikisika kabla ya hapo. Ilhali taksiri ni ya wasanifu wake, Anthemius na Isidorus, walioridhia kufunika uwazi wa mita 31 hivi kwa kuba bapa, wakatafuta ajabu ya macho wakasahau haki ya matao.

Hesabu yake mwaijua: kadiri kimo cha kuba kinavyopungua, ndivyo msukumo wake wa kwenda nje unavyozidi. Mashariki na magharibi msukumo ule ulipokewa na nusu kuba. Kaskazini na kusini haukuwa na wa kuupokea ila matao na viegemeo vyake, nazo nguzo kuu zilikwisha kuinama nje kuba ingali haijawekwa. Procopius, mwandishi wa zama hizo, ambaye katika kitabu chake cha majengo hana ila sifa kwa Kaisari Justinian, amesimulia kwamba tao la mashariki lilipokuwa halijafungwa, nguzo zake zilianza kupasuka, mafundi wakaingiwa na hofu, na Justinian akaamuru wendelee kulifunga. Procopius akaihesabu amri ile kuwa ni ilhamu. Ilhamu gani? Chokaa, iliyotandikwa kati ya matofali kwa unene wa tofali lenyewe, ilikuwa mbichi bado, na badala ya kuingoja ikauke, au walau kuinua mpindo wa kuba ili uzito uteremke wima zaidi, kazi yote ikahimizwa ikaisha kwa muda usiotimia miaka 6. Nimekwisha kusema, na sitachoka kusema, kwamba mfalme hafai kuwa msimamizi wa waashi.

Sikatai kwamba risasi iliyomiminwa viungoni mwa mawe ya nguzo zile ni kazi isiyo na ila.

Lakini wazee wa Roma hawakuwa na haraka ya Justinian. Hekalu lao la Pantheon, lenye upana wa mita 43, walipima kuba yake nusu duara kamili, wakaibebesha kuta za unene wa mita 6 hivi, na zege wakaifanya nyepesi kila ilipopanda.

Isidorus Mdogo, aliyekabidhiwa magofu, aliipandisha kuba kwa mita 6 hivi, ikafunguliwa 562. Tetemeko la 989 lilipoangusha sehemu ya magharibi, msanifu Trdat wa Armenia alipoitwa kuitengeneza aliufuata mpindo wa Isidorus Mdogo, si ule wa kuba ya kwanza ya 537.