Mikono Nyuma ya Mashine: Phaedra, Timewind na E2-E4 Zilivyorekodiwa

Christopher Franke alikuwa mpiga dramu. Kabla ya kujulikana kwa sintesaiza alikaa nyuma ya dramu za bendi ya Agitation Free, Berlin Magharibi. Klaus Schulze naye vilevile: katika albamu ya kwanza ya bendi ya Tangerine Dream, Electronic Meditation ya 1970, yeye ndiye anayepiga dramu, na kwa jinsi anavyozitwanga usingedhani kwamba miaka miwili baadaye atatoa albamu ya kinanda kinachonguruma polepole kwa karibu saa nzima.

Nayataja haya mapema kwa sababu wanamuziki hawa wamegandwa na sifa ya ubaridi. Wajerumani, waya, mashine, mtu kawasha swichi kisha kaenda zake kunywa kahawa. Ukifuatilia namna albamu zenyewe zilivyorekodiwa unakuta kinyume kabisa. Mashine za miaka ile zilikuwa hazijui kitu. Hazikukumbuka noti, hazikushika tyuni, hazikujua wimbo unaanzia wapi wala unaishia wapi. Karibu kila kinachosikika kama utaratibu wa mashine kina mkono uliokuwa ukiushikilia usianguke. Nitachukua albamu tatu tu: Phaedra ya Tangerine Dream (1974), Timewind ya Schulze (1975), na E2-E4 ya Manuel Göttsching, iliyorekodiwa 1981.

Tuanze na kifaa chenyewe, yaani sikwensa. Ile ya kampuni ya sintesaiza ya Moog, modeli 960, mcheza bao ataielewa haraka kuliko mtu mwingine: ni safu tatu, kila safu ina nafasi nane, ila mahali pa mashimo pana vifundo vya kuzungusha. Taa ndogo hutembea kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nane, kisha hurudi mwanzo. Kila inapofika, kifundo cha hapo hutoa volti kadiri kilivyozungushwa, na volti hiyo ikipelekwa kwenye osileta, sehemu inayozalisha sauti, inakuwa noti. Kipimo cha Moog kilikuwa volti moja kwa oktava moja. Oktava ina nusu-toni 12, kwa hiyo kutoka nusu-toni moja hadi nyingine ni kama millivolti 83 tu. Ukikosea kwa millivolti 10, sikio la mwanamuziki tayari limekunja uso.

Fikiria sasa kazi ya kupanga mstari wa noti nane. Unazungusha kifundo cha kwanza, unasikiliza, unarekebisha; cha pili, unasikiliza, unarekebisha. Hakuna namba za kusoma wala kumbukumbu ya kuhifadhi. Ukitaka mstari mwingine, unaubomoa wa kwanza. Na hayo ni maandalizi, muziki bado.

Muziki unaanza pale mstari unapozunguka na mtu akaanza kuuchezea. Hapa ndipo mpiga dramu anapomzidi mpiga kinanda. Mpiga kinanda akipewa noti nane zinazojirudia atataka kuweka melodia juu yake. Mpiga dramu anajua kwamba mdundo uleule, ukibadilisha mkazo tu, ni mdundo mwingine. Safu ya kwanza ya sikwensa inaweza kuamua noti. Ya pili ikaunganishwa na chujio la sauti, kila noti ikapata ung'avu wake, nyingine ikisikika kama imetoka chini ya blanketi na nyingine ikichoma. Ya tatu ikaamua kila hatua idumu muda gani. Kila nafasi ina pia swichi ya kuirusha. Irushe nafasi moja wakati mashine inakwenda, na mstari wa hatua nane umekuwa wa hatua saba. Kama kuna mstari mwingine unaozunguka kwa nane, miwili hiyo haitaanza pamoja tena hadi hatua 56 zipite. Msikilizaji hahesabu, anachohisi ni kwamba ardhi inateleza chini ya miguu.

Mbinu ya mwisho ndiyo iliyoenea kuliko zote. Volti zinajumlishika. Ukichukua volti ya sikwensa ukaiongezea volti ya kinanda, basi kwa kubonyeza kibao kimoja kwa mkono wa kushoto unauhamisha mstari mzima juu au chini, na umbo lake halibadiliki. Ukisikia albamu yoyote ya Berlin ya miaka hiyo, besi inajirudia halafu ghafla yote inapanda kama lifti, ni kidole kimoja hicho.

Phaedra ilirekodiwa Novemba 1973 katika The Manor, studio ya lebo ya Virgin iliyokuwa kwenye jumba la mashambani huko Shipton-on-Cherwell, Oxfordshire, Uingereza. Walikuwa watatu: Edgar Froese, Franke na Peter Baumann. Froese alieleza baadaye kwamba kutyuni Moog peke yake kulikula saa kadhaa kila siku, kwamba karibu kila kitu kilichoweza kuharibika kiliharibika, na kwamba hadi siku ya 11 walikuwa na dakika kama sita tu za muziki kwenye tepu. Anayejua millivolti 83 zina maana gani hashangai. Ndani ya osileta za wakati huo, transista ndizo zilizogeuza volti kuwa masafa, na tabia ya transista hubadilika na joto. Washa mashine, iache ipate moto, na noti zinahama. Fungua dirisha, zinahama tena.

Kibao chenye jina la albamu, chenye urefu wa zaidi ya dakika 17, kilitokana na majaribio waliyoyafanya papo hapo studioni. Dakika za mwanzo hakuna mdundo wa kushika, ni upepo na mvumo. Kisha besi inaingia kwa mbali, chujio likiwa limefungwa karibu lote, na inafunguliwa kidogo kidogo na mkono ambao hauna haraka. Sikiliza jinsi mstari unavyobadilisha sura bila kubadilisha noti: mara umekonda, mara umenenepa, mara mwangwi umeushika ukawa miwili. Na joto la mashine nalo limo: osileta zilikuwa zikihama wakati tepu inazunguka, na baadhi ya mageuzi yanayosikika kuelekea mwisho ni matokeo yake. Wangeweza kurudia. Waliyaacha mageuzi hayo, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora wa kisanaa katika albamu nzima, kwa sababu mstari unaopoteza tyuni unasikika kama unachoka, na uchovu ndio unaoufanya utulivu unaofuata uwe na maana. Fundi wa leo angeusahihisha kabla ya chai.

Watu huisifu Phaedra kwa sikwensa na kukisahau kibao cha pili, Mysterious Semblance at the Strand of Nightmares, ambacho hakina mdundo hata mmoja. Humo Froese anapiga Mellotron, kinanda ambacho kila kibao chake kinavuta kipande cha tepu kilichorekodiwa ala halisi, kama vile vinanda vya nyuzi au filimbi. Tepu hiyo inadumu kama sekunde nane, kisha springi inairudisha mwanzo. Kwa hiyo huwezi kushikilia kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, ukatulia. Kabla sekunde nane hazijaisha lazima vidole viwe vimehamia kwingine. Ndiyo maana kile kibao kinapumua vile, kikiinuka na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Pumzi ile imetokana na urefu wa tepu. Wakati Froese akipiga, mkewe Monique ndiye aliyekuwa akizungusha kifaa cha kuipindapinda sauti. Mikono minne, kinanda kimoja. Bila nyimbo za redio za kuisukuma, Phaedra ilifika nafasi ya 15 katika chati ya albamu za Uingereza.

Schulze alifika kwenye sikwensa kwa kuchelewa kidogo. Irrlicht ya 1972 haina sintesaiza kabisa. Ni ogani iliyoharibiwa makusudi pamoja na tepu ya okestra iliyogeuzwa kinyumenyume. Kufikia Timewind alikuwa tayari na sikwensa, na matokeo yake ni vibao viwili tu, kimoja kwa kila upande wa santuri, kila kimoja cha takriban nusu saa: Bayreuth Return na Wahnfried 1883. Majina yote mawili yanamwelekea Richard Wagner, aliyefariki mwaka huo wa 1883 na ambaye nyumba yake ya Bayreuth iliitwa Wahnfried.

Bayreuth Return kilirekodiwa nyumbani kwa Schulze moja kwa moja kwenye mashine ya tepu ya njia mbili. Hilo linahitaji kuelezwa kwa msomaji aliyezoea studio ya kompyuta. Njia mbili maana yake kushoto na kulia, basi. Hakuna kurudi kesho kupunguza besi au kuongeza mwangwi. Uwiano wa sauti, chujio, mwangwi, kupanda na kushuka kwa mstari, vyote vimeamuliwa wakati uleule vinapopigwa, na mtu mmoja. Ndiyo maana mabadiliko yake yanakuja moja baada ya jingine, karibu kamwe si mawili kwa pamoja. Wengine wanaiita falsafa ya muda. Mimi nasema ni hesabu ya mikono: mkono mmoja uko kwenye kinanda, wa pili uko kwenye chujio, hakuna wa tatu.

Kuna gharama nyingine, ya santuri yenyewe. Upande mmoja wa santuri hukaa vizuri na dakika 20 hivi. Ukiusukuma hadi 30, mifereji lazima ikaribiane, na ili sindano isiruke kutoka mfereji hadi mfereji, fundi anapunguza nguvu ya sauti, hasa besi. Muziki unaotegemea besi inayozunguka umebanwa kwenye chombo kinachoogopa besi. Timewind ilipata Grand Prix du Disque ya Académie Charles Cros ya Ufaransa, na upande wa kwanza unastahili. Upande wa pili, Wahnfried 1883, kwangu ni mzito kupita kiasi. Mawingu mazuri, lakini hakuna mstari wa kuyapima, na bila mstari Schulze huzama katika utajiri wa sauti zake.

Göttsching hakuwa mpiga dramu, alikuwa mpiga gitaa, na hilo linaibadilisha hadithi. Mwaka 1975 alikuwa ameshatoa Inventions for Electric Guitar, ambamo gitaa peke yake, kwa msaada wa mwangwi wa tepu, linafanya kazi ya sikwensa: unapiga noti, mwangwi unairudisha katikati ya noti mbili zako, na kasi inaonekana imezidi maradufu.

Tarehe 12 Desemba 1981, baada ya kurudi kutoka ziara na Schulze, aliwasha mashine zake katika studio yake ya Berlin na kupiga mfululizo kwa takriban dakika 59. Alisimulia kwamba alitaka tu kitu cha kusikiliza katika safari ya ndege kwenda Hamburg. Kodi mbili, mwanzo hadi mwisho. Hakukata, hakuongeza, na alipoisikiliza alitia shaka kwa sababu hakuona kosa. Jina ni hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji, kete kutoka e2 hadi e4, na vichwa vya sehemu zake vinafuata mchezo huo hadi cha mwisho, Remis, yaani sare.

Tofauti na Phaedra ni miaka minane tu, lakini kiufundi ni kama kizazi kizima. Sintesaiza kama Prophet-5 zilikuwa zimeanza kutoka 1978 zikiwa na kumbukumbu: unahifadhi sauti, unaiita tena kesho, na tyuni inajirekebisha. Vifaa havikuhitaji tena mlezi. Nusu ya kwanza ya E2-E4 Göttsching bado yuko kwenye vifundo, anaingiza hiki, anatoa kile, kwa mabadiliko madogo kiasi kwamba unagundua jambo limebadilika baada ya kuwa limeshabadilika. Kisha, ukishageuza santuri, gitaa linaingia. Alichokifanya ni kitu ambacho Franke hakuweza kukifanya 1973: aliziacha mashine ziende zenyewe, akainuka, akachukua ala yake. Gitaa lenyewe halina papara, linaingia kama mgeni aliyekuta watu wanacheza na akaamua kusimama pembeni kwanza. Wapo wanaoona nusu ile ni ya ziada. Mimi naona bila gitaa nusu ya kwanza ingekuwa zoezi tu, kwa kuwa gitaa ndilo linalokuonyesha kwamba kodi zile mbili zilikuwa zimepangwa kubeba mtu.

Albamu haikutoka hadi 1984, kupitia Inteam, lebo ya Schulze. Wakati huo MIDI, lugha ya kuunganisha ala za kielektroniki na kompyuta, ilikuwa imeshaingia sokoni tangu 1983, na kupanga mstari wa noti kulikuwa kumekwisha kuwa kazi ya kuandika namba. Nyumbani Ujerumani haikuwashtua wengi. Walioichukua ni ma-DJ: Larry Levan aliipiga katika klabu ya Paradise Garage, New York, na mwaka 1989 Waitalia wakaijenga upya kuwa Sueño Latino, wakaongeza dramu nzito chini yake, kazi ambayo Göttsching alikuwa ameiachia mashine ndogo ya midundo iliyokuwa ikigongagonga kimya kimya kwa karibu saa nzima.