Kikombe kisichoona moto

Kwetu mtoto hukuzwa kwa uji. Unga hukorogwa kwa maji baridi, sufuria hubandikwa, mwiko huzunguka mpaka uive, na mama anayempa mwanawe uji mbichi atasemwa mtaa mzima. Lakini mama wa mtoto mwenye ugonjwa wa von Gierke humnywesha wanga mbichi makusudi, usiku na mchana.

Ugonjwa huu ni adimu, takriban mtoto 1 kati ya 100,000, na hurithiwa kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe ni wazima. Ini la mtoto linajua kuweka akiba ya sukari, ila kuitoa haliwezi. Ghala limefurika hadi tumbo limevimba, na mlango hauna ufunguo. Ufunguo huo ni kimeng'enya ambacho wanasayansi Gerty na Carl Cori walionyesha mwaka 1952 kuwa kinakosekana kwenye ini la wagonjwa. Saa chache bila chakula zinatosha: jasho linamtoka, analegea, na degedege haliko mbali.

Zamani watoto hawa walilala na mpira puani, ukipitisha chakula tumboni usiku kucha. Mwaka 1984 Y.-T. Chen na wenzake, Marekani, wakaeleza kwamba wanga mbichi wa mahindi unaweza kuifanya kazi hiyo. Punje mbichi za wanga huo ni ngumu. Utumbo huzimega taratibu, na sukari huingia kwenye damu kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Zikipikwa hulainika, sukari ikapanda mbio na kushuka mbio.

Wanga wenyewe si sembe wala dona. Ni ule unga mweupe laini ambao wapishi hutia kwenye mchuzi uwe mzito, wengi wakiuita konflawa. Mtoto wa kilo 10 huweza kuanzishiwa gramu 1.6 kwa kila kilo, yaani gramu 16, kila baada ya saa 4. Daktari hurekebisha kadiri vipimo vya damu vinavyosema. Kwa hiyo saa 2 usiku, saa 6, saa 10 alfajiri.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mpishi hodari wa kwetu hujivunia kupima kwa jicho, na mama huyu ameliacha jicho lake. Kijiko kilichosawazishwa na kilichorundikwa vimepishana mno, basi unga unakwenda kwenye mizani. Kikombe kitupu kwanza, namba irudi sifuri, kisha unga unadondoshwa: 14, 15, 16. Maji ni baridi, maana ya moto yangeanza kuupika. Anakoroga na kumpa papo hapo, kwa sababu wanga ukitulia hushuka chini na kuganda kama udongo wa mfinyanzi. Mtoto akinywa nusu na kugeuza uso (ladha yake ni ya chaki, nani atamlaumu?), mama anakoroga tena. Mwisho anatia maji kidogo, anasuuza kikombe, na mtoto anayanywa hayo pia. Gramu iliyobaki ukutani mwa kikombe ni dakika ambazo zitakosekana alfajiri.

Sonara hupima hivi, ila hufanya hivyo mchana, macho makavu. Huyu anapima akiwa nusu usingizini, na saa mbili za kengele zimetegwa, moja mbali na kitanda ili asiizime akiwa amelala.

Mchana kuna kazi nyingine: kusema hapana. Embe, muwa, asali, soda, hata maziwa hupimwa au huachwa, kwa kuwa sukari zake ini hili haliwezi kuzifanya glukosi ya damu. Jirani huona ukali tu.

Siku mtoto wa namna hii akija kucheza kwako, usimpe juisi kwa huruma. Muulize mamake kikombe kinachofuata ni saa ngapi, na uiangalie saa.