Mashua ya Vipande: Jinsi Lady Alice Ilivyovushwa Singida Mwaka 1875

Chombo kidogo cha kuchukuliwa safarini hupimwa mara mbili: kwanza majini, kitakakofanya kazi, kisha mahali kitakapobebwa. Ndivyo ilivyo kwa kayaki inayofungwa juu ya boti ya injini, kwa hori linaloning'inizwa nyuma ya jahazi, na kwa mashua inayosafirishwa nchi kavu. Vipimo hivi viwili hugombana. Urefu hukipa chombo mwendo na kukifanya kishike njia iliyonyooka, lakini huko huko kurefuka kwake kunakifanya kikatae kukaa sitahani au kupita kwenye kona. Upana hukituliza mawimbini na kukizidishia uzito. Mbao nene huvumilia miamba, lakini wabebaji huzilaani. Hakuna chombo kinachoshinda pande zote. Mchaguzi huamua ni upande gani utalipa gharama.

Ugomvi huo ulionekana kwa ukubwa wake wote katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida, Januari 1875, pale mashua iitwayo Lady Alice ilipopitishwa humo vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Ilikuwa mali ya msafara wa Henry Morton Stanley, uliogharimiwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu 356, wengi wao Waungwana wa Unguja na Wanyamwezi, kuelekea ziwa la Nyanza.

Sababu ya kubeba mashua ilitokana na kushindwa kwa waliotangulia. Mwaka 1857 Richard Burton alikuwa na mashua ya chuma ya vipande, akaiacha pwani kwa kukosa wapagazi wa kutosha. Walipofika Ujiji mwaka 1858, yeye na John Speke walilazimika kutegemea mitumbwi ya kukodi katika ziwa Tanganyika, na hawakuufikia mto Rusizi waliokuwa wakiutafuta. Agosti ya mwaka huo Speke alisimama kusini mwa Nyanza bila chombo chochote, akatangaza kwamba ndilo chanzo cha Nile. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walibishana kama lile ni ziwa moja au ni mabwawa kadhaa. Ubishi wa namna hiyo haumalizwi na mtu aliyesimama ufukoni. Ulihitaji chombo cha kulizunguka ziwa lote, chini ya amri ya msafara wenyewe.

Mtumbwi wa gogo usingefaa, kwa kuwa haugawanyiki. Chuma kilikuwa kizito. Uamuzi ukawa mbao. James Messenger, fundi wa mashua wa Teddington karibu na London, aliagizwa kuunda chombo cha urefu wa futi 40 (mita 12), upana wa futi 6 (mita 1.8) na kina cha inchi 30 (sentimita 76). Kiligawanywa katika vipande vitano, kila kimoja futi 8. Mbao zilikuwa za mwerezi wa Kihispania, unene wa inchi tatu kwa nane, yaani chini kidogo ya sentimita moja. Mti huo, Cedrela odorata, licha ya jina lake asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na siku hizi umeenea hata katika misitu ya Tanzania. Ni mwepesi, hupasulika vizuri chini ya msumeno, na wadudu hawaupendi. Kwa chombo kitakacholala miezi kadhaa juu ya ardhi yenye mchwa kabla ya kugusa maji, ulikuwa uchaguzi mzuri sana.

Kosa lilionekana Unguja. Vipande vilipowekwa kwenye mizani, vinne vilikuwa na ratili 280 kila kimoja (kilo 127), na cha tano ratili 310 (kilo 141). Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa msafara huo ulikuwa ratili 60. Hata kwa wafanyabiashara wa pembe, frasila mbili, yaani ratili kama 70, zilihesabiwa mzigo kamili. Tena kipande cha upana wa futi 6 hakipiti katika njia ya miguu ambayo watu hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Seremala aliyepatikana Unguja alipewa kazi ya kuvipunguza hadi vibebeke na vipite. Mpango wa kuvigawa zaidi iwapo vingezidi uzito ulikuwapo tangu Teddington, na hilo ndilo lililoiokoa kazi. Mashua isiyokubali kukatwa tena ingebaki pwani kama ile ya Burton.

Hesabu ya gharama si ngumu. Kwa uzito ule wa kwanza, mashua nzima ilikuwa ratili 1,430, sawa na mizigo 24 ya kawaida. Shehena yote ya msafara ilikuwa kiasi cha ratili 18,000, ya watu 300. Kwa hiyo chombo kilichukua karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya nguvu za wapagazi, na kwa miezi mitatu hakikurudisha chochote. Wabebaji wake hawakuwa watu wa kawaida. Walichaguliwa kwa nguvu zao, wakalipwa zaidi ya wenzao na kupewa posho maradufu. Bila mabega yao mchoro wa Messenger ungebaki karatasi.

Singida ndiko gharama hiyo ilikolipwa. Msafara uliacha njia kuu ya Unyanyembe ndani ya Ugogo, ukapinda kaskazini-magharibi kupitia vichaka vya miiba hadi nchi ya Wanyaturu. Mvua zilikuwa zimeanza na chakula kikaisha. Huko watu zaidi ya 200 walipikiwa uji mwepesi ndani ya sanduku la chuma lililojazwa galoni 25 za maji, kwa kuwa hapakuwa na chungu cha kutosha. Tarehe 17 Januari kijana Edward Pocock, mmoja wa Waingereza watatu waliokuwa na Stanley, alikufa kwa homa na kuzikwa huko huko. Hapa ndipo mizigo 24 ya mbao inapopaswa kuhukumiwa kwa ukali: mtu aliyebeba ubavu wa mashua hakubeba nafaka, na katika nchi ambayo msafara haukuijua, akiba ya nafaka ndiyo uhai.

Siku chache baadaye, mahali paitwapo Vinyata, kulizuka mapigano kati ya msafara na wenyeji. Masimulizi yaliyoandikwa ni ya upande mmoja, wa Stanley mwenyewe. Hata hayo yanakiri kwamba vijiji vya Wanyaturu vilichomwa moto na nafaka zao kuchukuliwa, na kwamba msafara ulipoteza watu zaidi ya 20. Ndani ya boma la miiba vipande vya Lady Alice vilipangwa kuwa kinga ya katikati, pa kurudi iwapo boma lingevunjwa. Hakuna fundi aliyekuwa amewazia matumizi hayo.

Singida pia ilimpotosha mwenye mashua. Kijito alichokivuka Ituru, nchi ya Wanyaturu, alikidhania kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Ukweli ni kwamba kijito hicho ni cha bonde la Wembere, ambalo maji yake hayafiki Nyanza. Huingia ziwa Kitangiri, hufuata mto Sibiti na kuishia ziwa Eyasi, bila njia ya kwenda baharini. Mashua iliyoletwa kutatua swali la maji ilipita juu ya maji hayo ikiwa mabegani.

Msafara ulifika Kagehyi, Usukuma, tarehe 27 Februari 1875, siku 103 tangu Bagamoyo, ukiwa umepungukiwa na watu wengi kwa vifo na kutoroka. Vipande vikaunganishwa, na tarehe 8 Machi Lady Alice ikashuka majini na wanamaji 11 chini ya nahodha Safeni. Kwa siku 57 ilizunguka Nyanza na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja. Wepesi wake ulileta faida na hasara. Katika kisiwa cha Bumbire, Aprili 28, wenyeji waliikokota nchi kavu kwa urahisi na kuchukua makasia yake. Mabaharia nao waliweza kuisukuma tena majini, wakang'oa mbao za sakafu na kuzitumia kama makafi. Mashua ya chuma isingeondoka pale.

Mwaka ule ule, kusini, meli ndogo ya mvuke Ilala ilibebwa vipande vipande na mamia ya wapagazi kukwepa maporomoko ya mto Shire hadi ziwa Nyasa. Njia yao ilikuwa fupi mno ikilinganishwa na ya kutoka Bagamoyo, na hiyo ndiyo iliyofanya chuma kiwezekane. Umbali wa kubeba huamua kitu cha kuundia, kabla hata ya aina ya maji kufikiriwa.

Mwaka 1876 Lady Alice ililizunguka Tanganyika kwa siku 51 kutoka Ujiji, kisha ikateremka mto Kongo, usukani ukiwa mikononi mwa mwanamaji Uledi. Kwa kazi za majini ilichaguliwa sawasawa: ndefu vya kutosha kwa mwendo, nyepesi vya kutosha kuvutwa ufukoni na watu wachache, na imara kwa karibu miaka mitatu. Kwa kazi za nchi kavu ilikuwa kubwa kupita kiasi. Futi 10 zikipungua, bado ingebeba wanamaji wale 11, na mizigo kadhaa ya nafaka ingepata mabega ya kuivusha Singida. Tarehe 31 Julai 1877 iliachwa juu ya miamba karibu na maporomoko ya Isangila, kwa sababu Stanley aliamua kuuacha mto na kumalizia safari kwa miguu.