Ada, Riba na Deni: Uhakiki wa Lugha ya Mikopo ya Simu za Mkononi

Tangu simu za mkononi zilipoanza kuenea nchini mwetu katika miaka ya 1990, wapenzi wa Kiswahili wamekuwa na ugomvi mmoja nazo, nao ni ugomvi wa maneno ya kigeni. Tumelalamika juu ya vocha. Tumelalamika juu ya bando ilhali kifurushi kipo. Tumebishana iwapo chombo chenyewe kiitwe simu ya mkononi, simu ya kiganjani au, kama wasemavyo baadhi ya wenzetu wa Kenya, rununu. Ubishi huo haukuwa wa bure, maana lugha isiyochagua maneno yake huchaguliwa. Hata hivyo, mwandishi wa makala haya anadhani kwamba wakati sisi tumesimama mlangoni kuwapekua wageni, kuna jambo lililotendeka ndani ya nyumba nasi hatukuliona. Maneno yanayostahili kutiliwa shaka zaidi katika biashara ya simu leo si bando wala vocha. Ni maneno ya Kiswahili safi, yaliyoundwa kwa kufuata kanuni zote za sarufi, na ambayo sisi wenyewe tuliyapokea kwa makofi. Nayo ni majina ya mikopo.

Na tuyatazame. Nchini Kenya kampuni ya Safaricom humkopesha mteja muda wa maongezi kwa jina la Okoa Jahazi. Mwezi Novemba 2012 kampuni hiyo, pamoja na Commercial Bank of Africa, ilianzisha huduma ya akiba na mikopo iitwayo M-Shwari. Mwezi Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humwezesha mtu kulipa hata pale salio lake lisipotosha, na upungufu huo ukawa deni. Kwetu Tanzania tumepata Nipige Tafu, Songesha, Nivushe na Timiza. Majina yote hayo ni ya kuvutia, na aliyeyabuni si mtu wa kubezwa. Anaijua lugha yetu vizuri, na pengine kuliko baadhi yetu tuliomo katika kamati za istilahi. Jambo moja tu ndilo linalokosekana. Katika majina yote hayo hakuna hata moja lenye neno deni, wala mkopo, wala kukopa.

Sarufi ya majina haya inafaa kuchunguzwa kwa makini. Nivushe na Nipige Tafu ni vitenzi vilivyo katika hali ya kuomba, vyenye kiambishi ni- cha nafsi ya kwanza. Anayesema si kampuni. Anayesema ni mkopaji. Mkopeshaji amelitia ombi katika kinywa cha mteja wake kabla mteja hajafungua kinywa, kisha yeye mwenyewe akajiweka mahali pa nahodha wa kivuko anayeombwa msaada na mtu aliyekwama ng'ambo. Kila mtu anajua kwamba kivukoni hulipwa nauli, lakini nauli haimo katika jina. Okoa, Timiza, Songesha na Fuliza ni vitenzi vya kuamrisha. Nani anamwamrisha nani? Ukilisoma jina hilo upande mmoja, mteja anaiamuru kampuni imwokoe. Ukilisoma upande wa pili, kampuni inamwamuru mteja aendelee kukopa. Utata huu haukutokea kwa bahati mbaya.

Maana za maneno nazo zina vituko vyake. Songesha ni kufanya kitu kisonge mbele, na vijana husema kusongesha maisha. Lakini songa ni pia kubana, na Mswahili amekuwa akisema tangu zamani kwamba fulani amesongwa na madeni. Shwari nayo ni neno la bahari, lenye maana ya utulivu, na mtu wa bara aliyezoea kuisikia redioni huisikia kama baraka tupu. Baharia wa jahazi haisikii hivyo. Kwa chombo cha tanga, shwari ni upepo uliokufa, chombo kimekaa juu ya maji hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, na maji ya kunywa yanapungua. Sijui kama waliochagua jina hilo waliliwazia hilo. Kuhusu Okoa Jahazi, linalookolewa ni jahazi la nani? Mwenye kuomba shilingi 100 hupata muda wa maongezi wa shilingi 90 na kudaiwa 100.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni majina ya biashara na si istilahi, na kwamba Baraza la lugha halina kazi na majina ya biashara kama lisivyokuwa na kazi na majina ya sabuni. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama majina hayo yangebaki katika matangazo. Hayakubaki. Mkenya wa leo husema nimefuliza, naye hutaka kusema kwamba ameingia katika deni. Husema nisambazie, akikusudia umtumie muda wa maongezi, na neno hilo la Sambaza, tuseme kweli, ni zuri na halimdanganyi mtu. Jina la biashara linapopokea viambishi vya nafsi na njeo, limekwisha kuwa neno la lugha, na mwanaistilahi hana ruhusa tena ya kulipita kando.

Lakini majina ni mlango tu. Ndani yake mna neno jingine, dogo na la kawaida sana, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Neno hilo ni ada.

Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kurekebisha sheria ya mabenki, na kwa sheria hiyo riba ya mikopo haikuruhusiwa kuzidi kiwango cha msingi cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. M-Shwari wakati huo ilikuwa ikitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na mkopo ukirefushwa kwa siku nyingine 30 ilitozwa asilimia 7.5 tena. Kwa hesabu ya kawaida, bila kulimbikiza, hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka. Mtu angetazamia kwamba sheria mpya ingeigusa. Haikuigusa. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba asilimia 7.5 hiyo si riba bali ni ada ya kuwezesha huduma, na sheria iliweka mpaka wa riba, haikuweka mpaka wa ada. Sheria hiyo ya mpaka iliondolewa mwezi Novemba 2019. Katika miaka yote mitatu ambamo ilitumika, tofauti baina ya mkopaji aliyelindwa na sheria na yule asiyelindwa ilikuwa ni tofauti ya neno moja.

Ndugu msomaji anayeona kwamba kazi ya kufafanua istilahi ni kazi ya watu wasio na shughuli, na arejee aya hiyo.

Je, lile lilikuwa ada au riba? Jibu linaweza kupatikana bila kwenda mahakamani. Ada, kwa jinsi tulivyoizoea tangu kwa fundi, mganga na mwalimu wa chuo, ni malipo ya kazi au huduma. Hulingana na kazi. Mtambo unaoidhinisha mkopo wa simu hufanya kazi ile ile, kwa muda ule ule, ikiwa fedha zinazokopwa ni shilingi 1,000 au shilingi 10,000. Hata hivyo wa kwanza alitozwa shilingi 75 na wa pili shilingi 750. Malipo yanayokua kwa kukua fedha zilizokopwa, na yanayorudiwa muda unaporefushwa, si malipo ya kazi. Ni malipo ya kukaa na fedha za mtu, na Kiswahili kina neno la jambo hilo tangu kabla ya kuwako benki yoyote katika pwani hii. Fuliza ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi, kwani pamoja na ada ya asilimia 1 ya kufungulia mlango, kuna ada inayohesabiwa kila siku deni linapokaa. Mwaka 2022 ada hizo za kila siku zilipunguzwa, na hilo ni jema, lakini jina lake halikubadilika: bado ni ada.

Werevu wa kubadili jina ili kukwepa amri si mpya kwetu. Katika karne ya 19 huko Unguja, ambako dini ilikataza riba na wenye mashamba ya karafuu walihitaji fedha, mikopo mingi iliandikwa kwa sura ya mauzo. Mwenye shamba aliliuza shamba lake kwa mkopeshaji kwa masharti kwamba alikuwa na hiari ya kulinunua tena ndani ya muda uliotajwa. Mauzo hayo yakijulikana kwa jina la bei khiyari. Wakati huo wote muuzaji alibaki shambani mwake, sasa kama mpangaji, akilipa kodi. Katika hati hapakuwa na deni wala riba. Palikuwa na bei, hiari na kodi, maneno yote matatu yakiwa halali. Aliyeshindwa kulinunua tena shamba lake alilipoteza kwa njia ya biashara iliyo safi kabisa. Tofauti ni kwamba mwenye shamba wa Unguja aliketi mbele ya mwandishi wa hati, na aghalabu alijua alichokuwa akikitia sahihi. Mkopaji wa leo hubonyeza tarakimu moja akiwa amesimama dukani.

Nakumbuka mama mmoja muuza samaki aliyenijia na simu yake akaniomba nimsomee ujumbe. Ujumbe ulianza kwa kumpongeza, ukataja kiasi alichostahili, kisha ukataja ada na tarehe. Nilipomaliza kusoma akaniuliza, “Mwalimu, hapa wamenipa au wamenikopesha?” Mama yule si mjinga. Anawakopesha wateja wake kila siku na wote huwajua kwa kichwa, na ikiwa mtu atamwambia kukopa harusi, kulipa matanga, yeye ataimalizia kabla hujafika katikati. Ila ujumbe wenyewe haukuwa na neno hata moja ambalo kwa hilo angeweza kutambua kwamba yuko mbele ya deni.

Ni haki kueleza upande wa pili. Kampuni hizi zingeweza kuita huduma zao kwa Kiingereza kitupu, kama zinavyofanya nyingi, nasi tungebaki na majina yasiyotamkika. Zimeamua kusema na watu kwa lugha yao na kwa hilo zinastahili shukrani. Aidha, mkopo mdogo unaopatikana usiku wa manane, mtoto anapougua na wakala wa mwisho anafunga duka, ni msaada wa kweli, na neno nivushe halimdanganyi mtu kwa saa ile. Mwandishi wa makala haya hataki majina hayo yafutwe. Anataka yasiachwe peke yake.

Watu, kwa upande wao, hawakungoja kamati. Kwa mikopo ya masharti makali, iwe ya mitaani au ya kwenye simu, Watanzania wamebuni jina lao: kausha damu. Tazama jinsi jina hili lilivyoundwa kwa muundo ule ule wa Okoa Jahazi, kitenzi kikifuatwa na yambwa yake, kana kwamba mtu fulani alikusudia kulijibu. Hata viongozi hulitumia hadharani, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza orodha ya programu na majukwaa yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, mitaani hayakuwa na jina jingine. Wakenya nao humwita mkopeshaji wa namna hiyo kwa jina la Shylock, yule wa tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969. Inafaa kukumbuka kwamba tafsiri hiyo aliiita Mabepari wa Venisi. Bepari, kwa asili yake ya Kihindi, ni mfanyabiashara tu. Katika Tanzania ya mwaka 1969 lilikuwa na maana nzito zaidi, na mfasiri alijua hivyo alipolichagua. Yeye hakuona kwamba kuchagua neno la biashara ni jambo dogo.

Kausha damu, hata hivyo, haliwezi kuwa istilahi. Ni hukumu, na istilahi haipaswi kutangulia kuhukumu. Kinachotakiwa ni maneno matatu ya wastani yaliyofafanuliwa kwa namna ambayo mwanasheria hawezi kupenya katikati yake, na ambayo Baraza lingeweza kuyapeleka kwa wasimamizi wa fedha na wa mawasiliano ili yatumike katika kila ujumbe wa mkopo. Napendekeza deni liwe ni kiasi chote ambacho mtu anawajibika kukirudisha, pamoja na nyongeza zake zote, na litajwe kwa jina hilo katika mstari wa kwanza wa ujumbe. Riba iwe ni malipo yoyote yanayotegemea ukubwa wa fedha zilizokopwa au urefu wa muda wa kuzitumia, vyovyote yatakavyoitwa na mtozaji. Ada ibaki kuwa malipo ya huduma, yasiyobadilika kwa kiasi wala kwa siku. Ufafanuzi wa riba ndio utakaopingwa zaidi, na wapo watakaosema kwamba neno hilo lina uzito wa dini na litawatisha wateja Waislamu. Uzito huo upo. Ndio maana hasa mteja huyo ana haki ya kuambiwa.

Linabaki suala la kamusi. Fuliza limo katika kamusi zetu tangu zamani kwa maana ya kufanya jambo mfululizo bila kusita, na kwa maana hiyo, nakiri, ndilo jina la kweli kuliko yote niliyoyataja. Matoleo yajayo hayana budi kuongeza maana ya pili, kwa kuwa neno limekwisha kutumika hivyo na mamilioni ya watu. Napendekeza iandikwe: fuliza, kitenzi, matumizi ya Kenya: lipa kwa fedha za kukopa wakati salio la simu halitoshi; ingia katika deni.